Kamba ya Marando

Utomvu wa marando ukikauka kwenye vidole hauondoki kwa maji. Unaganda, unageuka mweusi, na una harufu yake ya majani mabichi na udongo uliolowa. Nikiisikia harufu hiyo, basi, siko tena kwenye kiti changu cha barazani. Niko kwetu, kijijini upande wa Tinde, meno ya mbele yameng'oka, na mama yangu ananiambia nishike vizuri.

Safari hii aliyenirudisha huko ni mke wa mjukuu wangu. Wakati wa ule ugonjwa wa barakoa, bustani yake ya nyuma ya nyumba ilimzidi. Mchicha umejaa, nyanya zimejiotea, na marando ya viazi vitamu yametambaa mpaka chini ya kamba ya kuanikia nguo. Akawa anakata, anafunga vifurushi, anavitundika kwenye mageti ya majirani, kisha anapiga simu: "Toka uchukue, mimi nimeshaondoka." Akaja kunionyesha vidole vyake vyeusi, kajaa majivuno. "Bibi, umeona tulivyobuni?"

Kubuni! Nilicheka mpaka barakoa ikanishuka kidevuni. Ninyi wa rika langu, mliochanjwa ndui mkononi na kovu mnalo mpaka leo, mnajua nilichokuwa nakicheka. Na mtanisamehe, leo nitaringa. Mtu akifika umri huu hajamringia mama yake, ataringa lini?

Mama yangu hakuwa Msukuma. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, amelelewa karibu na misheni, amebatizwa, rozari shingoni. Baba alimwoa akamleta kwetu, na Bibi, yaani mama yake baba, akawa anamwita "mwana wa Ushirombo" kila alipokosea jambo. Kwa Bibi hakukupita siku bila jambo kukosewa. Mara ugali mlaini, mara kuni amezipanga vibaya. Bibi alikuwa mwembamba, mkali, ugoro haumtoki mkononi, na mama alikuwa akimjibu kwa upole mpaka unaudhika wewe uliyekaa pembeni.

Kwenye bustani tu ndipo Bibi alipofunga mdomo. Kule bondeni, kando ya lambo, mama alikuwa na kitalu cha marando ambacho hakikukauka mwaka mzima. Kiangazi chote alikuwa akishuka na kibuyu, anamwagilia jioni, anafunika kwa nyasi, anazungumza nayo kama watu. Nanyi mnajua marando kwetu ni nini. Mvua ikianza ndiyo unayakata na kuyapanda kwenye matuta. Asiyekuwa nayo hapandi viazi, na asiyepanda viazi hatakuwa na michembe, vile vipande tunavyoanika juani, ghala litakapobaki na vumbi. Mwaka ninaousema kiangazi kilikuwa kikali hasa. Marando ya watu wengi yalikufa, na ya jirani zetu wa karibu kabisa yaliliwa na ng'ombe waliovunja uzio wa minyaa. Ya mama yalibaki, tena yakazidi.

Jirani zetu hao walikaa ng'ambo ya korongo. Miezi mingi korongo lile lilikuwa kavu, nasi watoto tulivuka tukikimbia. Nkwimba alikuwa rafiki yangu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mama yake, Mama Nkwimba, alikuwa mwanamke wa mizaha. Angeweza kumwiga mtu yeyote, hata Bibi akinusa ugoro, na Bibi mwenyewe akacheka. Kulikuwa pia na kitoto chao cha kiume, Jilala, kilichozaliwa msimu mmoja na mdogo wangu. Alipozaliwa maziwa ya mama yake yalichelewa kutoka, mama yangu akamnyonyesha pamoja na wetu, huyu huku, huyu kule. Tangu hapo Jilala alikuwa nusu wetu.

Ndui ilikuja na watu wa safari. Baba yangu na Baba Nkwimba walikuwa wamekwenda pamoja Geita kwenye dhahabu. Baba Nkwimba akarudi peke yake, anatetemeka kwa homa, na haukupita muda mwili mzima ukatoka malengelenge. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akafika na watu wake, wakalaza matawi ya miiba kwenye njia ya nyumba ile. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, mpaka ugonjwa uishe. Bwana wa chanjo naye alikuja na baiskeli yake, akatuchanja, lakini dawa ikamwishia kabla hajawafikia wote. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliobaki. Hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi: akiugua mtoto yule, hana kinga yoyote.

Mimi sikuelewa kitu. Kwetu miiba ilifunga zizi jioni ikaondolewa asubuhi, kwa hiyo nilidhani Nkwimba amefungiwa usiku tu, kesho atafunguliwa pamoja na ng'ombe. Asubuhi nikaenda kukaa ukingoni kumsubiri. Jua likapanda, ng'ombe wakatoka, Nkwimba hakutoka. Nikarudi nyumbani nimenuna, namuuliza mama wamefanya kosa gani. Mama akaniambia hawajafanya kosa, ila nikionekana tena karibu na korongo atanichapa. Mama yangu hakuwa mtu wa kuchapa, nikajua kuna jambo.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya kweli, korongo likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wa kijiji wakaanza kuja kwa mama kuomba marando. Mama alikuwa amewaagiza waje mmoja mmoja, asiwepo hata mmoja wa nyumba yenye homa, na kila aliyekuja alipokelewa nje ya uzio. Alipiga magoti, akapiga makofi polepole, akasalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akanyoosha mikono yote miwili, na mama akamwekea mzigo viganjani. Hakushukuru. Mbegu haikushukuriwa kwetu, ukishukuru haioti. Alisimama tu akaenda zake. Nilipenda sana kuangalia jambo lile. Nilimwona mama yangu ndiye anayelisha kijiji.

Lakini kila mzigo ulipoondoka mama aliangalia ng'ambo. Tuta la Mama Nkwimba lilikuwa limelimwa, naye tulimwona kwa mbali akilima peke yake, jembe linapanda linashuka. Alikuwa analima tuta ambalo hana cha kupanda humo. Na mvua kwetu si ya kuichezea. Ikikatika, udongo ule mweusi unakuwa jiwe, na marando yatakayochelewa ni ya kulisha mbuzi.

Basi siku moja mama akafunga mzigo mkubwa, mzuri kuliko yote aliyogawa, akalizunguka korongo kwa juu kwenye mawe, akauweka kwenye kichuguu kando ya njia yao, mbele kidogo ya miiba. Akarudi akanawa mikono kwa majivu na maji. Alikuwa na furaha. "Watayaona," akaniambia. "Nkwimba ana macho ya kipanga."

Kesho yake mzigo ulikuwa pale pale, majani yamelala. Keshokutwa vilevile. Tulipotazama vizuri tukaona umezungushiwa majivu, duara zima, kama mtu anayezuia siafu. Mama akasimama kaduwaa. Akaja kumwambia Bibi, na Bibi, ambaye alikuwa anapepeta mtama, akaacha ungo ukaanguka.

"Umeweka wapi?"

"Kwenye kichuguu, mama. Njiani."

"Njiani! Bebe, wewe mwana wa Ushirombo, umeniua!" Bibi akashika kiuno. "Nani anaweka kitu njiani kwenye nchi hii? Mtu akipona ugonjwa, mganga anamfungia majani na dawa, anapeleka njiani, ugonjwa unakaa pale umngojee mjinga atakayeokota. Hata mtoto wa hapa haokoti kitu njiani! Wewe unamwekea mtu mwenye ndui ndani ya nyumba? Unamwambia chukua na nyingine?"

Mama aliketi chini pale pale, kwenye mtama. Nilimwona akiona aibu, na mimi nikaona aibu kwa ajili yake, tena nikamkasirikia Bibi ingawa Bibi alikuwa na haki. Kwao Ushirombo kitu njiani ni kitu njiani tu. Hakuwa na namna ya kujua. Lakini ng'ambo ile kulikuwa na mwanamke aliyeamini kwamba jirani zake wanamtupia maradhi juu ya maradhi.

Mama hakukaa na aibu ile hata jioni ifike. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akashuka mpaka ukingoni, mimi nyuma yake kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunikataza. Akaita. Akaita tena. Mwishowe Mama Nkwimba akatoka, akasimama mlangoni kwake.

"Mama Nkwimba! Marando yale yalikuwa yangu!"

"Sisi tumeshazikwa, Mama Masanja," akajibu. Masanja ni kaka yangu mkubwa. "Mmeona hatujafunikwa vizuri, mnaongeza udongo?"

"Sikujua! Wallahi sikujua, ni ujinga wangu wa ugenini!" Mama akasema wallahi, yeye Mkatoliki na rozari yake. "Nilitaka upande! Mvua itakatika!"

Kisha Mama Nkwimba akasema, kwa sauti iliyoshuka, "Najua sasa. Lakini usije. Una mtoto mgongoni."

"Siji. Ila nitakupa mkononi kama ninavyowapa wengine."

"Kwa mkono gani huo?"

"Utauona," mama akasema. Nami ninawaambia, alipokuwa anasema hivyo hakuwa na wazo lolote kichwani. Alikiri kwangu baadaye. Alikuwa ameahidi tu.

Tulipofika uani akamwambia Bibi: "Mama, misheni kwetu, mwenye ugonjwa wa kuambukiza alipopelekewa kitu, bakuli lilibaki kwake. Kinachokwenda hakina shida. Shida ni kinachorudi." Bibi akamwangalia kama anayesikiliza mbwa akiongea. "Kwa hiyo tunahitaji kitu kirefu," mama akaendelea, "nikishike mwanzo, yeye akishike mwisho, halafu kiende chote."

Bibi akanusa ugoro wake taratibu. Halafu akaenda kutoa katani ya kufungia ndama aliyokuwa ameiweka juu ya dari, akaketi, akavuta nguo juu ya paja, akaanza kusokota kamba.

Walifanya kazi ile mchana kutwa. Bibi anasokota, mama anachukua kamba na kuisukia marando marefu, moja juu ya lingine, vile mtu anavyosuka nywele, na mimi napukutisha majani ya chini ili yasiwe mazito. Utomvu ulitujaa mikononi sote watatu. Kamba ilikua, ikazunguka jiko, ikazunguka ghala, ya kijani, nene kama mkono wangu. Sijaona tena kamba nzuri kama ile. Kila nilipouliza ni ya nini waliniambia nipukutishe majani.

Nikajijibu mwenyewe. Kamba kwetu ilikuwa ya kumtolea ng'ombe aliyezama kwenye tope la lambo: anafungwa, watu wanavuta, anatoka. Basi! Walikuwa wanamtoa Nkwimba. Atashika upande wake, tutamvuta, atavuka na maji, atalala kwetu. Nilifurahi hata nikakosa hamu ya kula. Niliandaa na mahali pa kumlaza kwenye mkeka wangu.

Asubuhi tukashuka. Ng'ambo alikuwepo Mama Nkwimba, na Nkwimba kasimama nyuma yake. Maji yalikuwa yamepungua kidogo lakini bado yanavuma. Mama alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba, akarusha. Likaangukia majini. Akavuta, akarusha tena, likaanguka tena. Bibi akasema, "Toka hapo, Ushirombo mnarusha rozari tu," akakaza kaniki yake kiunoni, akachukua lile jiwe, akalizungusha kama mchungaji anayefukuza nyani. Likapaa! Likatua ng'ambo, nyuma kabisa ya miguu ya Mama Nkwimba. Mama akapiga kigelegele. Mimi nikarukaruka. Nkwimba akacheka kwa sauti yake ile, na Bibi akajifuta mikono kana kwamba ni kazi yake ya kila siku.

Mama Nkwimba peke yake hakucheka. Alikuwa ameokota ncha ya kamba, uso umekaza. Yule mwanamke wa mizaha, Bibi karusha jiwe mbele ya macho yake, asimwige? Nikasema moyoni, kumbe bado amenuna kwa sababu ya kichuguu. Nikaona anamringia mama yangu.

Kisha wakafanya ninachokikumbuka kuliko vyote. Mama akapiga magoti kwenye tope upande wetu, kamba mikononi. Mama Nkwimba akapiga magoti upande wao, kamba mikononi. Katikati marando yananing'inia juu ya maji, yanatikisika.

"Mwangaluka, Mama Nkwimba."

"Mwangaluka, Mama Masanja."

"Wazima huko?"

"Wazima. Baba Nkwimba ameanza kunywa uji."

"Jilala hajambo?"

"Hajambo."

"Pokea mbegu."

"Napokea."

Mimi hapo uvumilivu ukaniishia. "Nkwimba, shika!" nikapiga kelele, nikakamata kamba mbele ya mikono ya mama nikaanza kuvuta kwa nguvu zangu zote. Nkwimba, naye ana akili kama zangu, akaikamata, akatia mguu majini, akatia wa pili. Mama yake akamdaka kwa nguo. Mama yangu akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, "Achia! Achia, mwanangu, kamba hii hairudi!" Nikaachia huku nalia. Kamba ikateleza, ikapita juu ya maji kama nyoka wa kijani, ikaishia ng'ambo yote, na Nkwimba akabaki kule kule. Nililia njia nzima. Niliona mama yangu amemwachia rafiki yangu.

Siku ile ile Mama Nkwimba alikata marando na kuyapanda, bila kupumzika, mpaka hakuonekana tena kwa giza. Mvua ikaongezeka, yakashika. Habari ikamfikia mwanangwa, naye akaja kuangalia mahali penyewe, akamwita mama ili aeleze, na nyumba nyingine zilizofungiwa zikapelekewa mbegu kwa kamba au kwa ufito mrefu, na kamba au ufito ukabaki huko. Wanawake wa kijiji cha pili wakatuma mtu kuuliza inasukwaje. Nani alikuwa anawaeleza? Bibi! "Mkwe wangu na mimi," alikuwa akisema, kifua mbele. Jina la "mwana wa Ushirombo" halikusikika tena masikioni mwetu kwa muda mrefu. Baba alirudi mzima. Mdogo wangu akachanjwa bwana wa chanjo alipopita tena, na nyumbani kwetu hakuugua mtu.

Nimeiringia kamba ile maisha yangu yote, na ninairingia sasa. Lakini fahari hii si ya nyumba yetu peke yake, na sitamaliza bila kusema.

Mwanangwa alipoondoa miiba, viazi vilikuwa vimeshafunika matuta. Korongo lilikuwa limekauka. Mama alivuka wa kwanza, mdogo wangu mgongoni, mimi nikimpita mbio kumkumbatia Nkwimba. Baba Nkwimba alikuwa amekaa nje, uso umejaa mashimo, lakini amekaa. Mama akasalimia, akacheka, akamsifu, akaangalia huku na huku.

"Jilala yuko wapi? Aje amwone mwenzake."

Mama Nkwimba akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya nyumba, chini ya minyaa.

"Lini?" mama akauliza. Sauti yake sikuitambua.

"Siku ile ya kamba. Alfajiri."

Siku ya msiba kwetu jembe halishikwi, kila mtu anajua. Yeye alikuwa amezika, akanawa, akaja ukingoni, akapiga magoti, akapokea mbegu, akapanda mpaka giza ili waliobaki wale. Nilimtazama Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema. Nilingoja aseme neno kuhusu mila. Bibi alivua kilemba chake akakaa chini.

Mama alikuwa analia hadharani, hajifichi. "Nilikuuliza! Nilikuuliza hajambo, ukaniambia hajambo. Amenyonya kwangu yule! Kwa nini hukuniambia?"

Mama Nkwimba akanyoosha mkono, akamgusa mdogo wangu mgongoni kwa mama, kwenye shavu, polepole. Tangu ndui iingie kwao ndiyo mara ya kwanza kumgusa mtoto wa mtu.

"Ningekwambia," akasema, "ungevuka."

"Ningevuka," mama akasema.